Mishiri Iliyonyauka na Mishiri Iliyooza

Watu wengi wanaosimama mbele ya meza yangu sokoni hapa Jinja, Uganda, huichagua mishiri kwa macho. Wanaangalia rangi, wanaangalia kama inang'aa, kisha wanauliza, "Nyabo, hii ni ya leo?" Nikisema ni ya jana wanapita, hata kama hiyo ya jana ni safi, ngumu, na bado ina siku mbele yake. Wanakwenda kununua iliyomwagiwa maji muda si mrefu, wanaifunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, wanaitia kapuni pamoja na ndizi mbivu, na kesho yake jioni wanaikuta inateleza. Nimeuza mishiri miaka mingi, nimeipika miaka mingi zaidi, na jambo linaloniuma ni hili: chakula kizuri kinatupwa kwa sababu kimelegea kidogo, na kilichoharibika kinaingia sufuriani kwa sababu rangi yake bado ni ya kijani.

Nikisema mishiri nina maana ya yale maharagwe machanga, membamba, yanayoliwa pamoja na ganda lake, ambayo Wahindi wa hapa mjini huyaita fansi na kuyapika na viazi na bizari. Nilipoanza biashara wateja wangu walikuwa wao na mahoteli. Siku hizi hata kwetu mtaa wa Walukuba watu wanaikata kwenye nyama, kwenye wali, kwenye mchuzi wa kulia posho, yaani ugali. Lakini wengi wamekulia kwenye maharagwe makavu, ambayo hukaa ndani ya gunia miezi na miezi bila kulalamika, na wanadhani ganda bichi nalo litavumilia vivyo hivyo. Mmea ni ule ule, hali ni tofauti kabisa. Punje kavu imelala. Ganda bichi limechumwa likiwa katikati ya kukua, bado liko hai, linapumua, linakula sukari yake lenyewe na kutoa joto na unyevu. Ukishalielewa hilo, mengine yote kuhusu kuharibika kwa mishiri yanaanza kueleweka.

Mimi nililielewa kwa mkono. Jirani yangu wa meza, mama mtu mzima, Mnubi wa Bombo aliyeolewa huku, ndiye aliyenifundisha kununua gunia. Nilikuwa namwita Shangazi, na soko zima lilimwita hivyo. Mizigo hufika alfajiri, bado giza, na wachuuzi hukimbilia gunia ambalo mdomo wake unapendeza. Yeye alikuwa anakunja mkono wa gauni, anafungua kamba, na kuzamisha mkono wote ndani.

"Ingiza, mwanangu, mpaka kiwiko. Juu pamepigwa na upepo wa safari, hapatakuambia kitu."

Nikaingiza. Juu palikuwa na baridi ya alfajiri. Katikati palikuwa na joto kama tumbo la mtoto mwenye homa, na vidole vilitoka na unyevu. Maganda niliyoyachomoa kutoka kule ndani yalikuwa mazuri kwa macho, ya kijani, bila doa hata moja. Shangazi akatikisa kichwa, akafunga kamba, akaenda kwenye gunia lingine. Aliyelinunua lile la kwanza aliuza nusu yake asubuhi, na alasiri alikuwa anachambua utelezi.

Mishiri ni miongoni mwa mboga zinazopumua kwa kasi sana. Ikitandazwa, joto lake linaondoka bila mtu kulihisi. Ikishindiliwa kwenye gunia la plastiki, ikafungwa nyuma ya boda na kusafirishwa usiku kucha, joto halina pa kutokea. Kadiri inavyopata moto ndivyo inavyopumua kwa kasi zaidi, na jasho lake linalowesha ile iliyo kando yake. Kuoza huanzia pale katikati, wakati mdomo wa gunia bado unavutia. Kwa hiyo gunia lenye joto silichukui hata kwa nusu bei, na mteja anayenunua kwa wingi, mpishi wa harusi kwa mfano, namwambia afanye hivyo hivyo: mkono ndani kabla ya pesa kutoka.

Anayenunua fungu moja la kula nyumbani ana kipimo kingine, na hicho hakihitaji hata mwanga. Chukua mshiri mmoja, ushike ncha mbili, ukunje. Ulio mzima haukunjiki. Unavunjika kwa mlio, na pale ulipovunjikia panachomoza vitone vidogo sana vya maji. Tazama ndani: ukuta wa ganda ni mnene na una unyevu, rangi ni kijani cha kupauka, mbegu ni ndogo na hazijalijaza ganda. Upitishe sasa kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono. Utahisi vinyweleo vyembamba vinashika kidogo. Mshiri uliokaa sana, au ulioshikwashikwa na kumwagiwa maji mara nyingi, hupoteza vile vinyweleo na kuwa laini kabisa. Mimi nikivihisi nafurahi kuliko nikiona mng'ao, kwa sababu mng'ao unaweza kutiwa kwa kikombe cha maji, vinyweleo haviwezi.

Usivunje mmoja tu. Vunja mitatu, wa juu, wa katikati na wa chini ya fungu. Muuzaji akikukaripia kwa kuvunja mitatu, nenda meza nyingine.

Sasa mshiri ulionyauka. Huu ukiukunja unapinda na kurudi, hautoi mlio. Ngozi imekunjamana kidogo, ncha zimekauka. Umepoteza maji, na sehemu ya utamu wake pia imekwenda, maana sukari imeliwa na ganda lenyewe. Lakini haujaoza. Kipimo changu ni kuuliza kama ulegevu huo ni mkavu au una majimaji. Ulegevu mkavu ni kiu. Ulegevu wenye utelezi ni uozo. Hapo ndipo watu wanapochanganya, na hapo ndipo chakula kingi kinapopotelea.

Jirani yangu wa Walukuba, mama mwenye watoto wengi, alikuwa ameshashika beseni zima akielekea shimo la taka. Nilimwita.

"Dada, hebu kwanza. Hiyo imefanya nini?"

"Imeisha, dada. Imelegea yote."

Niliishika. Ilikuwa kavu, haina harufu ila ile ya majani yaliyokatwa, rangi imefifia kidogo tu. Tuliiloweka kwenye maji baridi ya mtungi kama nusu saa. Mingi ilikaza tena, ikawa inavunjika. Iliyobaki laini tuliikatakata na kuipika na karanga za kusaga, mahali ambapo ulaini si kasoro. Watoto walikula na posho, na kilikuwa chakula kizuri. Familia inayopima kila shilingi haistahili kumwaga beseni la chakula kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza tofauti ya kiu na kuoza.

Na kuoza kwenyewe kukoje? Kunaanza chini. Fungua kaveera iliyokaa mezani usiku mmoja, usitazame juu, igeuze. Pale kwenye kona, ambako maji ya jasho yamekusanyika, utaona ganda moja au mawili ambayo kijani chake kimekuwa cha giza, kizito, na ngozi yake inaonekana imelowa mpaka ndani, mwanga unapita. Ukiliminya halivunjiki wala halipindi, linapondeka. Ngozi inateleza na kubaki mkononi, na ute unavuta kati ya vidole. Nusa. Mishiri mizima inanukia kibichi, harufu ya nyasi. Iliyoanza inanuka uchachu, na iliyokolea inanuka mtaro. Wakati mwingine badala ya ute utakuta ukungu mweupe wenye nyuzi, umefunga maganda kadhaa pamoja yakawa kitu kimoja, au ukungu wa kijivu unaotimua vumbi ukiugusa. Aina kadhaa za ukungu huu hazingojei ganda lenye jeraha. Zinatambaa kutoka lililooza kwenda kwa lile zima linaloligusa. Katika siku ya joto, ganda moja lililosahauliwa ndani ya kaveera linaweza kuharibu fungu lote.

Nikikuta yaliyoharibika ni mawili matatu, nayatoa pamoja na yote yaliyoshikana nayo, hata kama majirani hao wanaonekana salama. Yaliyobaki nayaosha kwenye maji yanayotiririka, nayakausha kwa kitambaa, nayavunja moja moja, na nayapika siku hiyo hiyo. Nikifungua kaveera na harufu ikanipokea mlangoni, sichambui tena. Inakwenda yote. Nasikia watu wakisema, "Si itachemka? Moto unaua kila kitu." Moto unaua vijidudu, ndiyo, lakini sumu ambazo baadhi yao wamekwisha kuziacha ndani ya chakula hazivunjwi na kuchemsha. Beseni au kikapu kilichobeba ule ute nacho kioshwe kwa sabuni na kianikwe juani kabla hakijapokea mboga nyingine.

Madoa ndiyo yanayonipa kazi kubwa ya kueleza, kwa sababu mteja akiona doa anafikiri ameona kuoza, na mara nyingi ameona kitu kingine.

Mpishi wa hoteli moja hapa mjini, kijana mwangalifu sana, alinipigia simu akiwa amekasirika. Mishiri niliyompelekea ilikuwa na madoa ya rangi ya kutu, mengine yamebonyea, na aliniambia mzigo wangu una ugonjwa. Nilikwenda jikoni kwake. Kreti yenyewe nilikuwa nimeichambua kwa mikono yangu, nikijua haikuwa na doa. Nikavunja ganda moja: lilivunjika vizuri, ndani safi, harufu safi. Nikamuuliza, "Kaka, hii ilikaa wapi?"

"Pale, mama, kwenye friji ya nyama. Ndiyo yenye baridi kuliko zote. Nilitaka ikae vizuri."

Ile baridi ndiyo iliyoichoma. Mishiri haitaki baridi kali. Inakaa vizuri zaidi kati ya nyuzi 5 na 7.5 za Selsiasi, mahali penye unyevu mwingi hewani, na hapo inaweza kufika siku 8 hadi 12 ikiwa ilichumwa na kutunzwa vizuri. Ikishuka chini ya nyuzi 5 kwa siku kadhaa, seli za ganda zinaumia. Mbaya zaidi ni kwamba jeraha halionekani ikiwa bado ndani ya friji. Linajitokeza ikishatolewa kwenye joto, siku moja au mbili baadaye, kwa vishimo na vialama vya kahawia, na ukungu unapata mlango wa kuingilia. Nilimwambia bado inalika, aipike leo, na kuanzia mzigo unaofuata aiweke kwenye friji ya soda. Hakunitafuta tena kwa habari ya madoa.

Doa la kutu kutoka shambani ni jambo jingine tena. Hivyo ni vijipele vidogo vya rangi nyekundu ya kahawia, na ukivisugua kwa kidole, unga wa rangi hiyo unabaki kidoleni. Ni kuvu linaloishi kwenye mmea ulio hai, mtu halimdhuru. Kata kipande, pika kilichobaki. Yapo pia madoa ya duara, meusi, yaliyodidimia, yenye ukingo ulioinuka, na wakati wa mvua katikati yake huwa na rangi inayokaribia waridi. Huo ni ugonjwa wa chule. Huja sana majira ya mvua na baridi, kwa mbegu iliyobeba ugonjwa kutoka msimu uliopita. Ganda lenye chule si sumu, lakini ni ganda lenye kidonda, na kidonda hakikai. Mimi siyahifadhi kabisa maganda ya namna hiyo. Nayauza asubuhi kwa bei ya chini nikieleza sababu, au nayapika mwenyewe. Tundu dogo lenye kinyesi cha mdudu mlangoni maana yake kuna kiwavi aliyeingia kula mbegu. Hilo usilifikirie mara mbili, litupe, kisha pasua matatu manne ya jirani uone.

Ncha za kahawia pale ganda lilipokatwa ni hewa tu imefanya kazi yake. Punguza kwa kisu.

Halafu kuna ganda lililokomaa. Mbegu zimevimba, unaziona kwa nje zikihesabika, ngozi imekuwa ngumu na uzi wa pembeni umekaza. Watu huniambia hiyo imeharibika. Haijaharibika, imekua. Menya, toa punje, zipike kama maharagwe mabichi. Ni tamu sana, na huiva haraka kuliko kavu. Ganda ndilo la kutupa, au la kumpa mbuzi.

Rangi ya njano inataka maelezo kidogo, kwa sababu hapa Uganda hakuna jiko lisilo na ndizi. Ndizi zinazoiva, na maembe na maparachichi pia, hutoa gesi ya ethilini, ile inayoivisha matunda. Mishiri ina mwili mwepesi mno kwa gesi hiyo. Kiasi cha sehemu 0.1 tu katika milioni moja ya hewa kinatosha kuifanya ipoteze kijani na kupata kahawia mapema. Mkungu wa ndizi za bogoya unaiva kwenye kona ya jiko, na kikapu cha mishiri kimewekwa chini yake, kisha mwenye nyumba analaumu soko. Viweke mbali. Ikiwezekana, vyumba viwili tofauti. Mishiri iliyogeuka njano kwa namna hiyo, ikiwa mikavu na haina harufu, bado ni ya kupikwa, ila haraka.

Nirudi kwenye maji, maana hapa sina subira. Najua kwa nini wauzaji wanamwagia. Jua la mchana linapiga meza, maganda yanalegea, mteja anapita. Maji yanarudisha mng'ao kwa saa moja. Lakini maji yale yanaingia kwenye kila mkwaruzo, yanasafirisha ukungu kutoka ganda hadi ganda, na mteja akishaifunga mishiri iliyolowa ndani ya kaveera isiyo na tundu, amekwisha kuipa kuoza kila kinachohitaji: maji, joto, na kukosa hewa. Sisi tunaouza tunaweza kufanya vizuri zaidi. Mimi naweka kidogo juu ya meza, mingi chini kivulini ndani ya kikapu kilichoinuliwa juu ya matofali, na kitambaa chenye unyevu nakitandika juu ya vijiti ili kisiguse maganda. Maji namwaga sakafuni. Hewa inapoa, mishiri inabaki mikavu.

Nyumbani bila friji, njia ni hiyo hiyo: itoe kwenye kaveera mara tu unapofika, itandaze kwenye ungo au sinia mahali penye kivuli na sakafu ya saruji, na uipike ndani ya siku mbili. Usiioshe mpaka unapokwenda kuipika. Mwenye friji aitie kwenye mfuko wenye matundu, kitambaa kikavu ndani cha kunywa jasho, na aiweke kwenye droo ya chini, mbali na mahali panapogandisha. Mwenye friza na mzigo mkubwa aikate, aichemshe dakika 3 kwenye maji yanayotokota, aihamishie maji baridi sana muda kama huo, aikaushe vizuri kabisa ndipo agandishe. Kule kuchemsha kidogo kunazima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu ladha na rangi hata ndani ya barafu. Umeme ukikatika, usifungue friza ovyo. Mishiri iliyoyeyuka lakini bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Iliyoyeyuka yote na bado ni baridi ipikwe hapo hapo. Iliyoyeyuka na kukaa na joto usiku kucha haifai.

Kuna jambo la majira ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote, nimeliona mwenyewe mezani. Mvua za Machi mpaka Mei, na zile za Septemba mpaka Novemba, mishiri inafika imelowa, ina tope, inapendeza, na inaoza haraka mno. Kiangazi inafika imelegea, pengine ina uzi, na inakaa. Kwa hiyo msimu wa mvua sina imani na mng'ao hata kidogo, na wakati wa ukame nausamehe ulegevu. Mteja anayetumia jicho lile lile mwaka mzima atadanganyika nusu ya mwaka.

Wapo wanaokuja kunilaumu kwamba mishiri iliwatapisha, ilhali ilikuwa mizima. Nikiwauliza waliipikaje, najibiwa kwamba ilitiwa kwenye kachumbari mbichi, au iligeuzwa tu kwenye mafuta dakika mbili. Maharagwe yote ya jamii hii yana lektini, protini inayochafua tumbo ikiliwa mbichi. Ganda changa linayo kidogo kuliko punje kavu nyekundu, lakini linayo, na mbegu zikianza kuvimba inaongezeka. Chemsha dakika 10 katika maji yanayotokota kweli, na shida hiyo inaondoka. Sufuria ndogo na sigiri yenye mkaa mzuri hazichukui muda mrefu kwa kazi hiyo.

Ikishapikwa, usiihukumu tena kwa vipimo vya mshiri mbichi. Chakula kilichopikwa Shirika la Afya Duniani linashauri kisikae nje zaidi ya saa 2, na kikirudiwa moto kifike nyuzi 70 au zaidi, yaani kitokote mpaka katikati, kisiwe vuguvugu tu pembeni. Mchuzi wa mishiri na nyama uliolala nje usiku mzima unaweza usiwe na povu wala uchachu asubuhi, na bado ukamwangusha mtoto. Kwenye misiba na harusi zetu masufuria hukaa tangu adhuhuri mpaka usiku. Waandaaji wapike kwa mafungu, au waweke sufuria juu ya moto mdogo. Kusubiri harufu ni kuchelewa.

Na kuna mahali ambapo harufu haisaidii kabisa. Binti mmoja anayenunua kwangu alitaka kuchemsha mishiri na chumvi, kuitia kwenye chupa za kioo, kuzifunga na kuziuza kwenye maduka ya Kampala. Alikuwa ameshanunua na chupa. Wazo la kutunza mazao ni zuri na nilimwambia hivyo. Lakini mishiri haina asidi ya kutosha, na udongo una bakteria wa botulizimu ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa katika sufuria ya kawaida. Zikifungiwa ndani ya chupa bila hewa, katika joto la kabati, zinaamka na kutengeneza sumu inayopooza misuli ya kupumulia. Viwanda vinavyotia mishiri kwenye makopo hutumia vyombo vya mgandamizo vinavyofikisha nyuzi 116 au zaidi kwa muda uliopimwa. Sufuria inayotokota haifiki huko.

Akaniuliza, "Lakini mama, nikifungua moja na kuinusa kila wiki, si nitajua?"

Hatajua. Sumu ile haina rangi wala harufu, na anayeonja kidogo ili kupima ameshakula ya kutosha. Tulikubaliana atengeneze achari: mishiri, karoti, pilipili, kitunguu saumu, na siki iliyopimwa kwa mizani ya mapishi, isiyokadiriwa kwa jicho, ili pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ifike chini ya 4.6, mahali ambapo bakteria yule hawezi kukua. Mwanzoni alinunua vikaratasi vya kupimia asidi, baadaye akanunua kipimo cha umeme baada ya kuambiwa na mtu wa maabara kwamba karatasi hazitoshi kwa biashara. Achari yake inauzwa sasa, na mishiri yake naichagua mimi: ile myembamba, inayovunjika kwa mlio, isiyo na chule. Zile chupa chache alizokuwa amekwisha kuzijaza kwa maji ya chumvi tulizitupa zikiwa zimefungwa, bila kuzifungua na bila kuonja.